Maji ya Mwache tunayataka, lakini walio chini ya ukuta nao wahesabiwe

Mhariri,

Majuzi mlichapisha katika ukurasa huu barua ya msomaji wa Changamwe aliyesema kwamba kila anayeuliza maswali kuhusu Bwawa la Mwache, lile linalojengwa Kinango kutuletea maji, ni adui wa Mombasa. Naomba nafasi nimjibu. Maswali ninayo, na Mombasa ni kwangu. Nimeishi hapa miaka mingi kuliko nilivyoishi kwetu nilikozaliwa.

Kwanza nimtoe wasiwasi. Mimi si mtu wa kisima cha pampu na matangi matatu juu ya paa. Naishi Mishomoroni, na mfereji wa uani kwangu ukifunguliwa hutoa upepo kwanza, kisha maji mekundu ya kutu, kisha, siku ya bahati, maji. Siku ya bahati yenyewe huja saa nane za usiku, na ukilala imekupita. Siku nyingine zote ni mitungi. Mkokoteni unapita, unaita, unalipa shilingi 20 kwa mtungi wa lita 20, na dhiki ikizidi mwenye mkokoteni hutaja 50 bila kukutazama usoni. Kisima kilicho nyuma ya msikiti wetu ni cha chumvi. Twaogea, twafulia, lakini ukipikia chai hata uitie tangawizi ya soko lote la Kongowea bado utajua umekunywa nini.

Mji huu umekunywa maji ya watu wengine tangu zamani. Tunaletewa ya Mzima kutoka Tsavo, kwa bomba lililotandikwa miaka ya 1950, na watu wa Taita Taveta hawajaacha kulalamika kwamba linawapita. Tunaletewa ya Baricho kando ya Sabaki, ya Marere kutoka Shimba Hills, na ya visima vya Tiwi. Hayatoshi, na sehemu kubwa ya hayo hayo humwagika njiani kwa mabomba yaliyochakaa. Kwa hiyo nikisikia kwamba ukuta wa zaidi ya mita 80 unajengwa Kinango kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kwamba utatoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, sehemu kubwa ikija huku kwetu, nami natega ndoo kama yeyote.

Ninapoachana na msomaji wa Changamwe ni kwenye hesabu yake ya watu. Anawaona wa aina mbili tu: wenye mashamba bondeni ambao wanatakiwa kuhama, na sisi wa mjini tunaosubiri. Hao wenye mashamba, mvutano wa fidia yao umeandikwa sana na magazeti, likiwemo hili. Sitarudia, ila nitasema kwamba mtu hawezi kuambiwa ahamishe makaburi ya wazee wake kwa ahadi. Lakini kuna wa tatu. Kuna wanaoishi chini ya ukuta, kule mto unakokwenda kuishia. Hao huwa hawamo katika orodha yoyote. Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao, si wa Mwache, wa Tana.

Kwetu ni Ozi. Ukiufuata Mto Tana kutoka milimani, takriban kilomita 1,000, ukapita Garissa, Hola na Garsen, ukakaribia kukata tamaa, utaikuta Ozi kabla tu ya Kipini, ambapo mto unaingia baharini. Sisi ni Wapokomo, watu wa mto. Mpunga wa kwetu haukungoja mvua wala pampu, na nataka nieleze ulivyolimwa, kwa sababu nimegundua hata wanaoandika ripoti za mto huo wengi hawajui.

Bahari ikijaa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya chumvi huingia kwenye mdomo wa mto na kuyarudisha nyuma maji matamu yanayoshuka. Maji matamu yakikosa pa kwenda hupanda, yakafikia usawa wa mashamba. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, huelea juu, ya chumvi yakalala chini. Mkulima aliyekata kijito ukingoni na kukiziba kwa udongo alichohitaji ni kujua saa ya kuzibua. Baba, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, alikwenda mtoni alfajiri, akachota kwa kiganja, akasukutua, akatema. Yakiwa matamu alizibua, na shamba likanywa hadi bahari ipwe. Yakiwa na chembe ya chumvi alirudi nyumbani, akaomba chai, akasema tungoje kesho. Hapakuwa na mtambo wala ofisi. Bahari ndiyo iliyokuwa pampu yetu, na mto ulikuwa na nguvu ya kuizuia isipite kiasi.

Nguvu hiyo ilitokana na mafuriko. Mara mbili kwa mwaka, mvua za Mlima Kenya na Aberdare zilipokwisha kunyesha, mto ulivimba, ukafunika tambarare, ukaacha tope jeusi na samaki kwenye madimbwi. Watu walihama kidogo, wakarudi wakapanda. Mafuriko makubwa mno yalikuwepo na yaliua, sitaki kuyapamba. Lakini mafuriko ya kawaida yalikuwa ndiyo mbolea, ndiyo maji ya visima, ndiyo malisho ya ng'ombe wa Waorma wakati wa kiangazi.

Kisha kukaja mabwawa. Nilifundisha shule za msingi za huku Pwani hadi nilipostaafu, na orodha yake naijua kama Alhamdu: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kitabu cha wanafunzi kiliuita Mradi wa Seven Forks na kikaorodhesha faida: umeme, uvuvi, utalii, unyunyizaji, na kuzuia mafuriko. Hiyo ya kuzuia mafuriko ilikuwa na alama yake kwenye mtihani. Mtoto ambaye angeandika kwamba mafuriko ni chakula cha bibi yake angepata sifuri.

Katika matano hayo, Masinga ndilo linalohusu hadithi yangu zaidi, kwa sababu ndilo ghala. Lilijengwa kuweza kuzuia mita za ujazo milioni 1,560. Kazi yake ni kuyakamata maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima ili mitambo ya mabwawa yaliyo chini yake isikae bure. Kwa mwenye mitambo huo ni utunzaji mzuri wa mali. Kwa aliye chini, maana yake ni kwamba mto umegeuzwa bomba: karibu kiwango kilekile kila mwezi, hakuna kuvimba, na tope limebaki nyuma ya ukuta. Misitu ya kandokando ya mto, anamoishi mbega mwekundu wa Tana ambaye hapatikani penginepo duniani, huota upya kwenye tope jipya na maji ya mafuriko. Vikikosekana, miti mizee hufa na haina warithi.

Mngedhani basi kwamba angalau tumepona na yale mafuriko ya kuua. Hatukupona. Mvua ikiwa kubwa mno, Masinga hujaa, na likishajaa halina la kufanya ila kumwaga. Ndivyo ilivyokuwa Aprili na Mei 2024: mabwawa yalifurika, Garissa na Tana River zikazama, na mashua iliyokuwa ikivusha watu huko Madogo ikapinduka wakafa watu. Mafuriko tuliyoyataka yalizuiwa. Tusiyoyataka yanakuja bado, na yanawakuta watu wamejenga na kulima karibu zaidi na mto, kwa kuwa walikwisha kuambiwa kwamba umefugwa.

Kule chini kabisa, mto uliokosa nguvu unashindwa na bahari. Dada yangu bado yuko Ozi. Nilipokwenda kumtazama wakati wa kiangazi alinipeleka hadi shamba la baba, na sikulitambua hadi nilipouona ule mkato wa kijito. Udongo ulikuwa umepiga ukoko mweupe, ukiukanyaga unapasuka kama ukoko wa wali uliokaukia sufuriani. Pembeni palikuwa na miembe iliyokauka kuanzia nchani, na minazi iliyobaki vigogo. Nikamuuliza kama mtu bado huonja maji kabla ya kuzibua. Akacheka, akasema ya nini kuonja, siku hizi mtoto wa chekechea anajua. Maji ya kunywa wanayafuata kwa mtumbwi juu ya mto, au wananunua. Mimi Mombasa nanunua mtungi kwa kuwa hakuna mto. Yeye ananunua mtungi huku mto unapita mlangoni.

Sitasema mabwawa ndiyo pekee yenye lawama. Bahari yenyewe inapanda. Mvua hazina adabu ya zamani. Miradi ya unyunyizaji ya Bura na Hola inachota, na Nairobi inakunywa kutoka Bwawa la Ndakaini ambalo liko kwenye vijito vya Tana hiyohiyo. Hata mdomo wa Kipini una historia ya mikono ya watu, kwani mto uliletwa upande wa Ozi kwa mfereji wa Belezoni uliochimbwa enzi za masultani wa Witu. Mto mrefu hivyo hauwezi kuwa na mkosaji mmoja. Lakini ninachojua ni kwamba katika wote wanaochota na kuzuia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja Ozi kuuliza tunahitaji maji kiasi gani yatufikie.

Na yule msomaji wa Changamwe asifikiri Tana haimhusu. Kutoka Kiambere kuna laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inayoshuka hadi Rabai, hapo nyuma ya Mazeras. Miaka mingi taa za mji huu, viwanda vyake vya Changamwe na friji za samaki za Old Town zimewashwa kwa maji yaliyozuiwa yasifike kwetu. Nilisoma kwa koroboi utotoni, nikaja mjini nikawakuta watu wanaacha taa ya barazani ikiwaka hadi mchana. Silaumu. Nasema tu bili ile haikuandikwa kila kitu.

Hata wale waliohesabiwa walihesabiwa vibaya. Kiambere lilihamisha maelfu ya watu. Walipofuatiliwa baadaye, wastani wa shamba la familia ulikuwa umeshuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo imepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kipato cha familia kimeanguka kwa asilimia 82. Isomeni tena hiyo 82. Aliyekuwa na shilingi mia amebaki na kumi na nane. Na hao ndio walioonekana, walioandikwa majina.

Hili si la Kenya peke yake. Tume ya Dunia ya Mabwawa, iliyoongozwa na Kader Asmal wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti yake Novemba 2000, na aliyeizindua huko London alikuwa Nelson Mandela mwenyewe. Ilikadiria kwamba mabwawa makubwa yamewahamisha watu kati ya milioni 40 na milioni 80. Mimi hapo hushangazwa na pengo. Watu milioni 40, idadi inayozidi nusu ya Wakenya wote, ambao hakuna mwenye hakika kama walihamishwa au hawakuhamishwa! Na bado hao ni wa juu ya ukuta na wa bondeni. Wa chini walisubiri hadi mwaka 2010, ambapo mtafiti Brian Richter na wenzake walikadiria wale wanaoishi chini ya mabwawa makubwa na ambao huenda maisha yao yameguswa na mito iliyobadilishwa. Walipata milioni 472.

Kwa wenzangu wa pwani mfano unaouma zaidi ni wa Misri. Mto Nile ulipozibwa kwa ajili ya Bwawa Kuu la Aswan katika miaka ya 1960, yale mafuriko yaliyokuwa yakimwaga chakula baharini kila mwaka yalikoma. Wavuvi wa dagaa wa Bahari ya Kati, ambao hawakuwa na shamba hata moja bondeni na walikuwa mbali na ukuta kwa mamia ya kilomita, waliona samaki wao wakiporomoka kutoka takriban tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 ilipofika mwisho wa muongo huo. Samaki wa baharini waliuawa na ukuta uliojengwa jangwani. Ghana nayo, ambako Akosombo iliwahamisha watu kama 80,000 na kichocho kikaenea kwenye ziwa lake, mwaka 2023 maji yaliyoachiliwa kutoka bwawa hilohilo yaliwatoa maelfu nyumbani mwao kule chini unakoshukia Mto Volta. Karibu miaka sitini baada ya kujengwa, bado wa chini wanalipa.

Sasa turudi Mwache.

Anayepita barabara mpya ya Dongo Kundu akifika daraja la Mwache atazame chini. Ataona mikoko, na katikati ya mikoko mapengo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi sana kutoka Kinango kupitia mto huu, yakafunika ile mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya tope, na mikoko ikafa eneo kubwa. Kwa hiyo mhandisi anaweza kunijibu kwamba bwawa litauokoa msitu huo, maana matope yatabaki nyuma ya ukuta. Jibu hilo lina haki yake na silikatai moja kwa moja. Ila mkoko unataka maji matamu yachanganyike na ya bahari, na unataka tope kidogo la kila msimu ili ufuo usiliwe na mawimbi. Likizidi unakufa, likikosekana kabisa unanyong'onyea. Mto wa Mwache huvimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi. Ukijengewa ukuta, hata kule kuvimba kwa masika kutategemea mtu aliyeshika funguo. Je, ameandikiwa afungue lini na kiasi gani? Kamba wadogo hukulia katika maji hayo ya mseto. Kaa na chaza nao. Watu wa Tsunza na Bonje wanaotegemea maji yale, ni nani amewaeleza, kwa Kiduruma na Kiswahili, si kwa kitabu cha kurasa mia nne cha Kiingereza?

Na lile tope linalobaki nyuma ya ukuta si la kusherehekea. Ndilo linaloua bwawa lenyewe. Masinga linajazwa na udongo wa mashamba ya milimani, na Kinango nako ardhi ni kavu, mvua ikija inakuja kwa hasira. Kama kuna pesa ya kuinua ukuta wa mita zaidi ya 80, kuna pesa ya kumlipa mkulima wa Kasemeni achimbe matuta na apande miti ya kuzuia udongo. Ingekuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, na ingewafikia wanaotuachia bonde lao.

Jirani yangu, niliposomea rasimu ya barua hii barazani, alinikatiza: "Mwalimu, mimi nikifungua mfereji nataka maji, sitaki jiografia." Watu walicheka na mimi nikacheka. Ana watoto watano na mitungi yake huwa mingi kuliko yangu. Lakini nilimwambia, na nawaambia wasomaji, kwamba ninachotaka hakitaongeza hata siku moja kwenye kusubiri kwake.

Nataka kipimo cha maji yatakayoachiwa mto kila mwezi kitangazwe kabla bwawa halijaanza kujazwa, kisomwe kwenye baraza za machifu na kwenye redio za Pwani, ili mvuvi wa Tsunza ajue haki yake kama mimi ninavyojua ratiba ya mgao wa Mishomoroni. Nataka kiwe na kuvimba kwa masika, si mchirizi wa mwaka mzima wa kutuliza dhamiri. Nataka orodha ya walioathirika isiishie kwenye ukingo wa ziwa, ishuke na mto hadi mkono wa bahari wa Port Reitz. Na nataka kila mita ya ujazo itakayouzwa Mombasa ikatwe kitu kidogo kiende Kinango na kule chini, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa fidia ya mara moja huishia kwenye pikipiki na mazishi, ilhali maji yatachukuliwa vizazi na vizazi. Kampuni zikiniambia wananchi hawatakubali kukatwa, nitawaambia mwananchi anayelipa shilingi 20 kwa mtungi mmoja wa mkokoteni ataikubali senti ya Mduruma wa Kinango akipewa maji ya mfereji.

Kubwa kuliko hayo yote ni kuandika sasa hivi. Ukuta ukishafungwa hakuna atakayeweza kuthibitisha kilichokuwepo. Leo hii sisi wa Ozi tukiambiwa tuonyeshe mto ulikuwaje kabla ya Masinga, tutaonyesha nini, kiganja cha baba? Hatuna daftari. Hatukuwa na kipimo cha chumvi cha mwaka hata mmoja, hatukuwa na hesabu ya magunia ya mpunga. Tunasema tu ulikuwa mtamu, na anayetusikiliza anatikisa kichwa kwa heshima kisha anafunga faili. Kwa Mwache wakati bado upo. Kifaa cha kupima chumvi ya maji si ghali, na wanafunzi wa gredi ya sita wanaweza kukitumia bila taabu. Niliwahi kuwafundisha watoto wa umri huo kupima mvua kwa kopo na rula, na hawakukosa siku hata wakati wa likizo. Shule zilizo karibu na mkono huo wa bahari zipewe vifaa, zipime wakati wa bamvua na wa maji mafu, bahari isipojaa sana, mvua na kiangazi. Vikundi vya wavuvi viandike kilo za kamba na kaa wanaouzwa kila siku. Miaka miwili ya daftari kama hilo itawafaa kuliko mawakili kumi baadaye.

Kwa msomaji wa Changamwe nina ombi. Kutoka kwake hadi Bonje ni matatu moja tu. Jumamosi yoyote anayoipenda twende tukutane huko asubuhi, maji yakiwa yanapwa, mitumbwi inaporudi. Tuulize kamba wamepatikana kiasi gani leo na wanauzwa bei gani, tuandike na tarehe. Daftari nitaleta mimi. Namba yangu ya simu mhariri anayo.

Mwalimu mstaafu,
Mishomoroni, Mombasa